Barua ya Wazi kwa Bunge la Ohio: Ondoeni Marufuku ya Ndoa Katika Katiba Yetu

Kwa:
Spika na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi,
Rais na Wajumbe wa Seneti,
Bunge la Jimbo la Ohio,
Columbus.

Waheshimiwa,

YAH: KUFUTWA KWA KIFUNGU CHA 11, IBARA YA 15, YA KATIBA YA JIMBO

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mama, mzaliwa wa Tanzania, raia wa Marekani kwa kiapo na mpiga kura wa jimbo hili. Jambo hili, la kuondoa marufuku ya ndoa za watu wa jinsia moja katika katiba ya jimbo, nilianza kulifikisha kwa faragha: nilimwandikia mwakilishi mmoja, nikapiga simu, nikaomba miadi, na nilichopata ni barua ya kunishukuru kwa maoni yangu, isiyogusa hata neno moja la nililouliza. Ndiyo maana leo nasema hadharani. Nakala ya Kiingereza nimeshaituma. Hii ya Kiswahili naiandika kwa ajili ya wenzangu wa Columbus, Dayton, Cleveland na kwingineko, Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania walioapa kiapo kama changu, kwa kuwa wengi wao wanapiga kura katika jimbo hili bila kujua kwamba maneno haya yamo ndani ya katiba yake.

Maneno yenyewe yaliingizwa kwa kura ya Novemba 2004. Sentensi ya kwanza inasema kwamba muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja peke yake ndio unaoweza kuwa ndoa halali au kutambuliwa na jimbo. Sentensi ya pili inalikataza jimbo na serikali zake za mitaa kuunda au kutambua hadhi yoyote ya kisheria ya watu wasiooana inayokusudiwa kufanana na ndoa. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Obergefell dhidi ya Hodges kwamba majimbo yote lazima yaruhusu na kutambua ndoa za watu wa jinsia moja, na tangu siku hiyo kifungu chenu hakitekelezeki. Hata hivyo hakijafutwa, na ofisa yeyote wa jimbo anayefungua katiba leo anakikuta pale pale.

Binti yangu na mke wake walifunga ndoa katika jimbo hili, kwa leseni iliyotolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti, kama wanavyofanya wanandoa wengine wote. Wana mtoto mmoja. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadhi ya ndugu zangu watasoma barua hii na kukasirika, na nataka wajue tangu mwanzo kwamba ninayemtetea ni mtoto niliyemzaa.

Naomba mnisikilize katika haya.

1. Haki ya binti yangu imeegemea hukumu moja iliyopita kwa kura moja.

Majaji waliokubali mwaka 2015 walikuwa watano, waliokataa wanne. Kati ya wale watano, Anthony Kennedy aliyeandika hukumu alistaafu mwaka 2018, Ruth Bader Ginsburg alifariki mwaka 2020, na Stephen Breyer alistaafu mwaka 2022. Wamebaki Sonia Sotomayor na Elena Kagan. Kati ya wale wanne waliokataa, watatu bado wameketi: John Roberts, Clarence Thomas na Samuel Alito. Mwezi Juni 2022, mahakama hiyohiyo ilipofuta haki ya kutoa mimba iliyokuwa imedumu kwa miaka 49, Jaji Thomas aliandika maoni yake pembeni akisema kwamba hukumu ya Obergefell nayo inapaswa kuangaliwa upya, na akaitaja kwa jina. Ni haki niseme pia kwamba Jaji Alito, katika hukumu kuu ya siku ile, aliandika kwamba uamuzi wao usichukuliwe kuwa unatilia shaka hukumu nyingine, na kwamba tarehe 10 Novemba 2025 mahakama ilikataa kusikiliza ombi la Kim Davis, yule karani wa kaunti huko Kentucky aliyekataa kutoa leseni za ndoa mwaka 2015. Nilifurahi siku ile. Lakini kukataa kusikiliza ombi la mtu mmoja si kuithibitisha haki. Ombi jingine linaweza kuletwa kwa njia nyingine mwaka wowote, na wapo wanaolitaka: mwezi Januari 2025 Baraza la Wawakilishi la Idaho lilipitisha azimio la kuiomba Mahakama ya Juu iitengue Obergefell, na mwezi Juni mwaka huohuo mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ukatoa mwito wa namna hiyo.

2. Jimbo letu limeshaonyesha jinsi sheria iliyozuiwa inavyorudi.

Mwaka 2019 Ohio ilipitisha sheria ya kukataza kutoa mimba mara mapigo ya moyo yanapogundulika, na mahakama ya shirikisho ikaizuia kabla haijaanza kutumika. Sheria ikakaa vitabuni. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa ule uamuzi wake wa kufuta haki ya kutoa mimba, na siku hiyohiyo zuio liliondolewa na sheria ikaanza kutekelezwa. Hakuna kikao cha Bunge kilichoitishwa, na hakuna mwananchi aliyeulizwa tena. Kila mmoja wetu ana imani yake kuhusu utoaji mimba, na mimi sitaki kuijadili hapa. Ninachoonyesha ni mwendo wa mambo: zuio likitoka, kilichoandikwa kinafanya kazi papo hapo. Mkisema kifungu cha 2004 ni maneno matupu yasiyomdhuru mtu, nami nawakumbusha kwamba hata ile ilikuwa sheria ya makaratasi hadi asubuhi ya siku ile.

3. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2022 haizibi pengo hili.

Sheria ya Kuheshimu Ndoa, iliyotiwa saini tarehe 13 Desemba 2022, inailazimisha serikali ya shirikisho kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali, na inakataza jimbo kuikataa ndoa ya jimbo jingine kwa sababu ya jinsia ya wanandoa. Ni kinga kubwa, na wale waliooana tayari watakuwa na mahali pa kushika. Lakini haimlazimishi karani yeyote wa Ohio kutoa leseni mpya. Obergefell ikitenguliwa, vijana wawili wa Toledo watalazimika kutoka nje ya jimbo ili waoane. Na hapo majirani hawatawafaa, kwa kuwa Michigan na Kentucky zina marufuku ndani ya katiba zao, ilhali Indiana, West Virginia na Pennsylvania zinayo katika sheria zao za kawaida. Majimbo yote matano yanayopakana nasi yatafunga mlango.

Safari ya namna hiyo mnaijua, maana ndiyo iliyozaa kesi yenyewe. Jim Obergefell na John Arthur walikuwa watu wa Cincinnati. Arthur alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu usio na tiba, hawezi tena kutembea, na kwa kuwa jimbo lao liliwakatalia, mwezi Julai 2013 walikodi ndege ndogo ya wagonjwa ikawapeleka Maryland. Walioana ndani ya ndege hiyo ikiwa imesimama uwanjani, kisha wakarudi nyumbani. Kilichowapeleka mahakamani kilikuwa mstari mmoja wa cheti cha kifo. Ohio ilikuwa imekusudia kwamba Arthur atakapofariki ataandikwa kuwa hakuwa na ndoa, na mahali pa jina la mwenzi pataachwa wazi. Arthur alifariki mwezi Oktoba mwaka uleule. Mwanamume amemuuguza mwenzake kwa mikono yake hadi pumzi ya mwisho, halafu jimbo linamwambia kwamba katika karatasi ya mwisho ya maisha ya marehemu yeye hamo. Mimi ni mjane. Cheti cha kifo cha mume wangu nimekibeba benki, kwenye pensheni na kwenye ofisi ya ardhi, na kila nilipokitoa mtu alitafuta jina langu kwanza kabla ya kunisikiliza.

4. Sentensi ya pili imewagusa hata watu wasiohusika kabisa na suala hili.

Baada ya 2004, wanaume walioshtakiwa kwa kuwapiga wanawake waliokuwa wakiishi nao bila ndoa walisimama mahakamani wakadai kwamba sheria ya ukatili wa nyumbani haiwahusu, kwa sababu katiba inakataza kutambua uhusiano wa wasiooana. Baadhi ya mahakama za chini ziliwakubalia. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Ohio ifafanue mwaka 2007, katika kesi ya Carswell, kwamba sheria hizo mbili hazigongani. Maneno yaliyouzwa kwa wapiga kura kama ulinzi wa familia yaligeuzwa kuwa kichaka cha mtu aliyempiga mwanamke ndani ya nyumba.

5. Katiba za majimbo ndizo zilizoanza kutoa haki hii, nasi tumeifungia yetu.

Hili ndilo ninaloomba mlisome kwa makini kuliko mengine. Mazungumzo mengi yanachukulia kana kwamba haki ya ndoa ilishuka kutoka Washington mwaka 2015, lakini haikuanzia huko. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa kesi ya wanaume wawili wa Minnesota kwa sentensi moja, ikisema hakuna swali la maana la shirikisho. Tangu hapo waliotafuta haki walikwenda kwenye katiba za majimbo. Mahakama ya Hawaii ilifungua njia mwaka 1993. Vermont ikafuata mwaka 1999, ikitumia kifungu cha katiba yake kinachosema serikali ipo kwa faida ya watu wote. Na mwezi Novemba 2003 mahakama ya juu ya Massachusetts iliamua, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, kwamba katiba ya jimbo lile hairuhusu kuwanyima watu ndoa kwa sababu ya jinsia ya wawapendao.

Katiba hiyo ya Massachusetts ni ya mwaka 1780. Mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing aliitumia katika kesi za Quock Walker, mtu mweusi mwenye asili ya Afrika aliyekuwa akishikiliwa utumwani, akawaambia wazee wa baraza kwamba utumwa haupatani na katiba inayosema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Miaka 220 baadaye, aliyeandika hukumu ya ndoa kwa kuisoma katiba hiyohiyo alikuwa Jaji Mkuu Margaret Marshall, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye katika ujana wake aliongoza umoja wa wanafunzi uliopinga ubaguzi wa rangi kule kwao. Mimi niliyetoka Afrika nawaambia ndugu zangu wanaosema jambo hili ni la Wazungu: tazameni ni nani aliyeandika hukumu ile, na ni kwa maneno yaliyowahi kumfungua nani.

Ohio nayo ina maneno ya aina hiyo. Ibara ya 1, kifungu cha 2, inasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na serikali imewekwa kwa ajili ya ulinzi wao ulio sawa na manufaa yao. Jaji wa Ohio angeweza kuyasoma maneno hayo kama walivyosoma wenzake wa Vermont, Massachusetts na Iowa, lakini ibara ya 15 imemziba mdomo, kwa kuwa hawezi kutumia kifungu cha jumla kufuta katazo lililotajwa waziwazi ndani ya waraka uleule. Ndivyo zilivyokusudiwa kura za 2004: baada ya hukumu ya Massachusetts, majimbo 13 yaliingiza marufuku katika katiba zao katika mwaka ule mmoja, na nia ilikuwa kuwaondoa majaji wa majimbo katika suala hili.

Wala sisemi kwamba kufuta peke yake kunatosha. New York na Washington hazikuwa na marufuku ndani ya katiba, na bado mahakama zao ziliwakatalia walalamikaji mwaka 2006. Maryland vilevile mwaka 2007. Waliokuja kutoa haki huko ni mabunge na wapiga kura. Iowa ilitoa haki mwaka 2009 kwa sauti moja ya majaji wote, na mwaka uliofuata watatu kati yao waliondolewa na wapiga kura. Anayetaka haki hii isitegemee ni nani aliyeketi kwenye kiti cha jaji, hana budi kuiandika.

Sasa niyajibu yale ambayo nimeambiwa, au ninayojua nitaambiwa.

Mtasema wananchi waliamua mwaka 2004, kwa asilimia 62. Ni kweli, nami naheshimu kura. Ndiyo maana ninachoomba ni kura. Tangu hapo watoto waliokuwa darasa la kwanza wamekuwa wapiga kura wenye watoto wao, na maelfu yetu tumeapa uraia. Nevada ilikuwa na marufuku kama hii, na mwaka 2020 wapiga kura wake waliiondoa kwa takriban asilimia 62, wakaandika mahali pake kwamba ndoa itatambuliwa bila kujali jinsia. Mwezi Novemba 2024, siku moja, California na Colorado ziliondoa zao, na Hawaii ikaondoa kifungu kilicholipa bunge lake mamlaka ya kuihifadhi ndoa kwa mwanamume na mwanamke. Virginia, ambayo utaratibu wake unadai pendekezo lipite bungeni mara mbili na uchaguzi katikati, ilipitisha la kwake mara ya kwanza mwaka 2025. Mnayemwamini mwananchi wa 2004 mwaminini na wa leo.

Mtasema wananchi wana njia yao ya kukusanya saini. Wanayo, nao wameianza. Lakini mnajua uzito wake: saini zenye kufikia asilimia 10 ya kura za mwisho za ugavana, zikitoka angalau katika kaunti 44 kati ya 88, na mwaka 2025 pendekezo lao liligawanywa kuwa mawili, kila moja na saini zake. Ninyi mnahitaji kura 60 katika Baraza na 20 katika Seneti, na hakuna atakayesimama kwenye maegesho ya duka na ubao wa karatasi wakati wa theluji.

Mtasema imani. Hapa nasema kama mtu wa kusali. Leseni ya ndoa inatoka mahakama ya mirathi. Haitoki msikitini wala kanisani. Hakuna shehe wala padri anayelazimishwa kumfungisha mtu ndoa asiyoiamini, leo hii wala baada ya mabadiliko ninayoyaomba, na andikeni hivyo ndani ya pendekezo lenu ikiwa mnaona kuna haja. Dini yangu inakataza mengi ambayo katiba ya Ohio haiyakatazi, na sijawahi kuwaombeni myaingize humo.

Mtasema kifungu kisichotumika hakina haja ya kufutwa. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilibatilisha marufuku ya ndoa kati ya mweupe na mweusi. South Carolina iliyaacha maneno hayo katika katiba yake hadi 1998, Alabama hadi 2000, na siku Alabama ilipopiga kura ya kuyaondoa, watu wanne kati ya kila kumi walitaka yabaki. Waliooana kinyume na maneno hayo waliishi miaka zaidi ya 30 chini ya katiba iliyozikataa ndoa zao. Waulizeni kama hayakuwa na uzito.

Binti yangu na mke wake wana faili la plastiki katika droo ya jikoni. Ndani yake mna cheti cha ndoa, wosia, hati za kuruhusu mmoja amwamulie mwenzake akizidiwa hospitalini, na amri ya mahakama ya kumwasili mtoto ambaye jina la mkwe wangu limo tayari katika cheti chake cha kuzaliwa. Wakili aliwaambia wasiitegemee ndoa peke yake, hivyo wakalipa kumwasili mtoto wao wenyewe. Wakisafiri kwenda nje ya jimbo, faili linaingia kwenye begi kabla ya nguo za mtoto. Mtoto akipata homa, anayekwenda naye hospitali analibeba. Mimi na marehemu mume wangu tulilea watoto katika nchi hii tukiwa wageni, bila uraia, kwa Kiingereza cha kuokoteza, na hakuna siku hata moja tuliyotakiwa kuthibitisha kwamba watoto wale ni wetu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nami nayaandika kwa mpangilio ili yajibiwe moja moja.

(a) Bunge lipitishe azimio la pamoja la kupeleka kwa wapiga kura, katika uchaguzi mkuu wa Novemba ulio karibu zaidi na si katika uchaguzi maalumu wa wapiga kura wachache, pendekezo la kufuta kifungu cha 11 cha ibara ya 15 chote, sentensi zote mbili.

(b) Pendekezo hilo liweke mahali pake maneno ya kuthibitisha, kama yalivyo ya Nevada, kwamba jimbo litatoa leseni na kutambua ndoa bila kujali jinsia ya wanandoa.

(c) Sheria ya jimbo, sura ya 3101, ambayo nayo imebeba marufuku ya mwaka 2004, irekebishwe sambamba, kwa sababu katiba ikisafishwa na sheria ikaachwa, kazi itakuwa nusu.

(d) Maneno yatakayochapishwa kwenye karatasi ya kura yawe mepesi kueleweka, na maelezo yake yatolewe pia katika lugha za wapiga kura wa jimbo hili, Kiswahili kikiwemo.

(e) Kamati husika iitishe kikao cha wazi cha kusikiliza ushahidi kabla ya Bunge kwenda mapumziko. Niko tayari kutoa wangu kwa kiapo.

Ikiwa jibu lenu ni hapana, naomba liwe hapana ya kura, iliyopigwa ukumbini na kuandikwa kwa majina, ili kila mpiga kura ajue mwakilishi wake alisimama wapi.

Wenu katika kulitumikia jimbo hili,

Mama, bibi na mpiga kura
Columbus, Ohio